Antena ilikuwa wapi? Jibu kwa fundi simu wa Koboko

Swali limetoka kwa fundi simu wa Koboko. Kwa ufupi anasema hivi: "Mzee wangu, shikamoo. Nina daftari la vituo vya mbali nilivyosikia. Vingine nimevinasa kwa redio yangu ya Tecsun, vingine kwa programu ya simu, na vingi kwa kile kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ambacho mtu anakiendesha kwa intaneti. Rafiki yangu wa Busia anasema vya mtandaoni havihesabiwi, ni kujidanganya. Tena kuna kituo kimenitumia kadi ya kuthibitisha kwamba nimekisikia, kwa ripoti niliyoipata Twente, na mimi niliandika nasikilizia Koboko. Je, hiyo ni DX, yaani kunasa vituo vya mbali, au siyo?"

Marahaba, fundi. Rafiki yako amepatia nusu. Alipokosea ni kuvitia vya mtandaoni vyote kwenye gunia moja. Daftari lako lina mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina hukumu yake. Swali langu la kwanza huwa ni moja tu: antena iliyokamata wimbi ilikuwa wapi? Wewe ulikaa wapi, ulitumia spika gani na bando la nani, hayo yanafuata baadaye.

Tuanze na programu ya simu, maana hiyo haina mjadala. Ukibonyeza jina la kituo cha Bucharest kwenye simu, sauti inatoka studio ikiwa tayari ni data, inapita kwenye nyaya za chini ya bahari, inaibukia Mombasa, inakuja kwa kebo hadi Kampala, na mwisho inakufikia kutoka kwenye mnara wa kampuni ya simu ulio hapo hapo Koboko. Safari yake ya hewani ni hizo kilomita chache kati ya mnara na simu yako. Kituo hicho kingeweza kuwa kimezima mitambo yake yote ya kurushia tangu mwaka juzi, wala usingejua. Mvua ipige, jua lichafuke, iwe usiku au adhuhuri, sauti ni ile ile mpaka MB ziishe. Kwa kusikiliza habari ni njia nzuri, hata mimi naitumia. Ila hakuna kilichonaswa. Vituo hivyo vitoe kwenye hesabu ya DX.

Usidhani nina ugomvi na intaneti. Kosa hilo hilo watu wanalifanya na redio ya kawaida mkononi. Anayesikiliza BBC kwa FM jijini Kampala ananasa mtambo ulio Kampala. Sauti imeletwa kwa setilaiti na kurushwa upya pale pale. London haimo. Wa rika langu wanakumbuka Deutsche Welle ilivyokuwa ikivuma mawimbi mafupi. Mmoja wa mitambo yake mikubwa ulikuwa Kigali, tangu 1965 hadi ulipofungwa 2015. Kigali hadi Kampala, ukipima moja kwa moja, hazifiki kilomita 400. Wapo walioandika "Ujerumani" kwenye madaftari yao kumbe wimbi limetoka ng'ambo tu ya mpaka wa Gatuna. Na leo iko mitambo ya Talata Volonondry, Madagascar, iliyojengwa na redio ya Uholanzi miaka ya 1970, ambayo mashirika ya nchi mbalimbali huikodi. Taarifa ikisomwa kutoka Ulaya au Asia na kurushwa kutoka pale, ulichonasa ni Madagascar, kama kilomita 3,000 kutoka kwenu. Si haba, lakini ndiyo hesabu. Umbali wa DX unapimwa kutoka mnara wa kurushia hadi antena ya kupokea. Studio haina neno ndani yake.

Sasa kinachofanya umbali huo uwe na maana. Wimbi fupi, lile la kati ya megahezi 3 na 30, linapaa, linakutana na matabaka ya hewa yaliyochajiwa na jua, linapindwa na kurudi ardhini mbali sana, na mara nyingi linadunda na kuanza safari upya. Mchana tabaka la chini, lile la D, humeza masafa ya chini. Jua likizama tabaka hilo linatoweka upesi, na vituo vya megahezi 5, 6 na 7 vinaanza kujitokeza kimoja kimoja. Kwetu jirani na ikweta jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo mlango huo unafunguka karibu wakati ule ule kila siku, jambo ambalo msikilizaji wa Ulaya hana. Lakini na sisi tuna adha zetu. Baada ya magharibi, hasa kwenye miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, tabaka la juu la ukanda wa ikweta huvurugika, na sauti inakuja ikitetemeka kwa kasi: unamtambua msomaji, unaitambua lugha, maneno yanakatika. Radi za bonde la Ziwa Victoria nazo hazina adabu, zinapasua masafa ya chini usiku kucha. Juu ya yote kuna mzunguko wa madoa ya jua wa miaka kama 11. Huu tulio nao ulianza Desemba 2019, na miaka ambayo madoa yanazidi, masafa ya juu, yale yanayoitwa mita 16 na 13 kwa urefu wa wimbi, yanachangamka. Yakipungua, masafa hayo hulala.

Nimekaa hapo kwa sababu hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye daftari la DX. Ukiandika "Zanzibar, kilohezi 11735, Koboko", na saa na tarehe, maana yake njia ya hewani ya kilomita kama 1,400 kutoka kisiwani hadi kwenu ilikuwa wazi wakati ule. Zanzibar imeyatumia masafa hayo miaka mingi, kwa hiyo anayefuatilia anaweza kulinganisha na yake. Zamani Radio Uganda ilipokuwa hewani kwa kilohezi 4976, wapo wasikilizaji wa Ulaya ya Kaskazini waliokuwa wakikesha wakiitafuta chini ya kelele, na kadi kutoka Kampala ilikuwa mali. Leo UBC, redio ya taifa iliyorithi nafasi yake, inapatikana kwenye simu popote duniani. Hakuna anayejisifu kwa kuipata.

Tuje Twente, ambako ndiko kwenye utata wako. Kipokezi kile kipo tangu 2008. Kinasomba masafa yote kuanzia chini kabisa hadi megahezi 29, na mamia ya watu wanaweza kukitumia kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye masafa yake. Antena yake ni kidude kifupi tu juu ya paa la jengo la chuo. Hapo upokezi upo, tena wa kweli: wimbi limetoka mnarani, limepita angani, limefika kwenye antena. Kinachosafiri kwa intaneti ni matokeo ya upokezi huo. Kwa hiyo rafiki yako akisema ni sawa na programu ya simu, mwambie hapana.

Ila upokezi huo ni wa Enschede, Uholanzi. Chukua Radio Romania uliyoiandika kwa nyota tano. Kutoka Romania hadi Enschede ni chini ya kilomita 2,000, njia nyepesi ambayo mtu wa pale anaipata na redio ya mkononi. Kutoka Romania hadi Koboko ni kama kilomita 4,500, kuvuka Mediterania, Misri na Sudan nzima. Wewe umeandika ile ndefu na kusikia ile fupi. Ni sawa na kijana aliyeitazama mechi ya Namboole kwenye kibanda cha video hapo Koboko, akarudi nyumbani kusimulia alivyokaa jukwaani. Mechi aliiona kweli, na matokeo anayajua. Jukwaani hakuwapo.

Kwa hiyo usiifute. Ihamishe. Fungua ukurasa wa pekee, juu uandike Enschede, na kila ulichosikia kule kiingie hapo kwa umbali wa kule. Ukitumia kipokezi cha Brazil au Japani, kila kimoja kipewe ukurasa wake. Ustadi wako haupotei: kukitambua kituo dhaifu kilichobanwa na kingine chenye nguvu ni kazi ya sikio, na sikio lilikuwa lako. Nawajua watu wanaoyathamini madaftari yao ya mbali kuliko ya nyumbani, na siwacheki.

Wenzetu wa redio za ridhaa, wanaozungumza wao kwa wao kwa leseni, walishakutana na kitendawili hiki, na jibu lao linasaidia. ARRL, chama chao cha Marekani, inayotoa tuzo ya DXCC kwa aliyewasiliana na angalau nchi na maeneo 100, inataka mitambo yote ya stesheni moja, ya kurushia na ya kupokelea, iwe ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 500. Mwendeshaji anaweza kuwa kwingine, akaifikia kwa mtandao. Kinachohesabiwa ni mitambo ilipo. Huwezi kurusha kutoka Kampala kwa namba ya utambulisho ya Uganda, 5X, ukapokea kwa antena ya Uholanzi, kisha ukadai mawasiliano hayo ni ya Uganda. Sisi wa kusikiliza tu hatuna sheria inayotubana hivyo, lakini mantiki ni ile ile.

Na mantiki hiyo ndiyo inayonitenganisha na rafiki yako kwa jambo moja kubwa. Tuseme umeweka kipokezi chako nyumbani kwa mama kijijini, mbali na kelele za mjini. Kidude cha USB cha kupokelea mawimbi, kompyuta ndogo, betri ya sola, waya juu ya mwembe, na modemu ya kukiunganisha na intaneti. Wewe uko dukani Koboko unabadilisha vioo vya simu huku masikioni unazungusha masafa ya kule. Kwangu mimi hiyo ni DX yako kamili, na mahali pake ni kijiji kile. Hata ukihamia Kampala, ukakiendesha kutoka chumba cha Kisenyi, bado ni DX ya kijijini. Wapo wazee wa kazi hii wanaoshikilia kwamba sikio lazima liwe karibu na redio. Nawaheshimu, ila sijawahi kusikia sababu yao ikisimama. Waya wa visikizio ukiwa mita mbili au njia yake ikiwa kilomita 500, wimbi limefika pale pale kwenye mwembe.

Sasa kadi. Hapa sitakupaka mafuta. Kituo cha mawimbi mafupi kinaposoma ripoti yako hakisomi ili kikufurahishe. Mhandisi anataka kujua mawimbi aliyoyaelekeza Afrika Mashariki yanafika vipi, yanagongana na nani, yanafifia saa ngapi. Ripoti za Ulaya anazo tele. Za pembe ile yenu, penye mpaka wa Uganda, Kongo na Sudan Kusini, ni adimu. Ukimwandikia "Koboko, sauti safi, hakuna mwingiliano" kumbe umesikilizia juu ya paa la Enschede, umempa ushahidi wa uongo kutoka mahali ambapo hana shahidi mwingine. Anaweza kuamini masafa yale yanafaa kwenu, kumbe yanapita juu ya vichwa vyenu.

Mwandikie tena, mistari mitatu inatosha: ripoti ya tarehe fulani, saa fulani, masafa fulani, niliipata kwa kipokezi cha Twente na si kwa redio yangu Koboko, naomba mrekebishe kumbukumbu zenu. Vipo vituo visivyotoa kadi kwa vipokezi vya mbali, vipo vinavyotoa ukieleza wazi, na vipo vinavyomtumia kadi yeyote aliyesikiliza hata kwa simu. Hiyo ni hiari yao. Kazi yako ni kutaja antena ilikuwa wapi. Kadi yenyewe ibaki nayo, ila nyuma yake andika Enschede.

Ukituma ripoti ya redio yako mwenyewe, angalia saa. Nimeona kwenye orodha uliyoniambatishia umechanganya. Wahandisi wanatumia saa ya dunia, UTC, na Uganda tuko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Saa mbili usiku yetu ni 20:00 kwenye simu, na kwenye ripoti inakuwa 17:00. Wengi wanapokosea ni baada ya saa sita usiku: saa nane za usiku wa kuamkia Jumanne, yaani 02:00, kwenye ripoti ni 23:00 ya Jumatatu. Tarehe inarudi nyuma. Ukikosea hapo, mhandisi anatafuta kipindi cha siku nyingine, anaona maelezo hayalingani, na ripoti inaishia kapuni.

Kwenye tarakimu za SINPO usiwe mkarimu. Ni tano, kila moja kutoka 1 hadi 5: nguvu ya mawimbi, mwingiliano wa vituo vingine, kelele, hali ya njia angani, na jumla. Mtu anayetoa 55555 kwa kila kituo hajasaidia. Kituo kilichokuja na nguvu nzuri lakini radi zinakikata ni 45333 au hapo hapo, na mhandisi anakielewa mara moja.

Intaneti bado ina kazi halali kwenye DX ya nyumbani, na wewe fundi utaipenda. Umesikia kituo dhaifu kwenye Tecsun, lugha huijui, jina hawataji. Fungua simu, weka mkondo wa mtandaoni wa kituo unachokishuku, usikilize vyote viwili, redio sikio hili na simu sikio lile. Kwa kawaida redio itatangulia. Wimbi la kutoka Ulaya linafika kwenu kwa sehemu chache za mia za sekunde. Hata likipitia setilaiti hadi mtambo wa kati, ni kama robo sekunde zaidi. Simu inachelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika, kwa sababu inajiwekea akiba ya data kabla ya kutoa sauti. Kwa hiyo neno ulilolisikia kwenye redio lisubiri kwenye simu. Likija lile lile, kwa sauti ile ile na muziki ule ule nyuma yake, umekitambua kituo. Twente pia inafaa kukuhakikishia kwamba kituo kiko hewani leo, kabla hujamaliza betri ukitafuta masafa matupu. Sharti ni moja: maelezo ya kipindi unayoyaweka kwenye ripoti yawe yale yaliyotoka kwenye redio yako. Ukianza kujaziliza mapengo kwa kusikiliza simu, umerudi kibandani.

Kama rafiki yako anataka ushahidi kwamba mambo haya mawili hayafanani, mkumbushe Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mikondo yote ilikufa pamoja na Twente. Mawimbi mafupi yaliendelea kuingia bila kumwuliza mtu.

Nadhani najua kwa nini ulihamia Twente. Umesema Tecsun yako "inavuma zzzz" tangu mlipofunga sola ya duka. Hapo ndipo penye ugonjwa. Jaribu hivi usiku: weka redio kwenye betri zake, itege popote pasipo kituo, kisha zima inverta kabisa, si taa tu. Kelele ikianguka, mwizi umemkamata. Isipoanguka, zima kidhibiti cha kuchaji betri, halafu chaja za simu za wateja moja moja, halafu balbu za LED. Chaja za bei rahisi zina kelele ya ajabu. Nimeona moja ikifunika mita 49 nzima. Baada ya hapo toka nje na redio, tembea mbali na duka na nyaya za umeme, usikilize kelele inavyopungua hatua kwa hatua. Mahali inapokufa ndipo pa antena.

Antena yenyewe haina siri. Waya wa shaba wa mita 15 au 20, kutoka dirishani hadi kwenye mti, usilale juu ya mabati, usiende sambamba na waya wa umeme. Mawingu yakianza kunguruma uchomoe na uutupe nje ya nyumba. Radi za kwenu si za kujaribiwa. Ukishafanya hivyo, nenda kaitafute Romania ile ile jioni kwenye mita 41 na 31, na usishangae ikija na mtetemo na 34333. Hiyo ingiza ukurasa wa Koboko.

Ukinijibu, nitajie aina ya inverta na ya kidhibiti cha sola, na useme kelele inabaki pale pale au inahamahama ukizungusha masafa. Ikibaki mahali maalum kwa nafasi zinazolingana, kuna uwezekano wa kuituliza kwa vipande vya feraiti, vile vifundo vyeusi vinavyomeza kelele, kwenye nyaya za betri, na hivyo vinapatikana hata kwenye kebo za kompyuta zilizokufa ambazo bila shaka umezijaza dukani.